Siku Mbili za Theluji

Nasma alipanda ngazi za nyumba yao, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, amekumbatia furushi kama mwizi wa kuku. Ndani yake mlikuwa na koti zito la sufu, la mtumba, alilonunua sokoni Mchikichini. Roho ilikuwa juu. Saa kumi Violeth wa ofisini angekata tiketi ya ndege, na mpaka sasa mama hakujua kwamba mwanawe anataka kurudi Jumapili, si Ijumaa.

Ijumaa ndipo mkutano wa kazi ungekwisha kule Geneva. Siku mbili za mbele zilikuwa zake mwenyewe: treni hadi Visp, abadilishe hapo, apande mpaka Zermatt katika milima ya Alpi, alale, asubuhi aione theluji kwa macho yake. Wiki nzima alikuwa akifungua ratiba kwenye simu na kuifunga. Treni ya kwanza ikichelewa kidogo tu, ya pili inamwacha. Akiachwa, alale wapi? Na ndege je?

Hofu hiyo aliweza kuimeza. Ya hapa nyumbani ilimkaba. Mzee Bushiri, baba yake, alizikwa mwezi juzi. Mama yumo edani, nguo nyeupe, hatoki nje, mafuta yenye harufu hayagusi. Binti wa nyumba hiyo ndiye wa kwenda kutalii?

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umebeba nini?"

Shangazi Mwanamkuu, dada wa marehemu, tangu msiba hakurudi kwake Ilala. Alikaa mkekani mlangoni, na hakuna kilichompita.

"Koti tu."

"Koti! Jua hili tunachemka kama maharage, wewe koti?" Akalitoa, akalining'iniza kwa vidole viwili. "Kafaulaya! Kaburi la kaka yangu halijakauka, unatuletea nguo ya maiti wa Kizungu."

"Kule kuna baridi."

"Huo mkutano wanafanyia nje? Hawana paa?"

Kitandani mama alicheka puani. Nasma hakukumbuka mara ya mwisho kumsikia akicheka, na kicheko kile kikamzidishia uzito. Uwongo alikuwa nao tayari: mkutano umeongezwa.

"Mkutano..." alianza. Mama akamtazama. "Unaisha Ijumaa. Nilitaka kubaki mpaka Jumapili, nipande treni milimani. Kutembea tu, mama. Si kazi."

Shangazi akaliacha koti lianguke. "Mama edani, mtoto matembezini. Makubwa!"

"Basi siendi," Nasma alisema upesi, akaona kifua kimekuwa chepesi, akaona aibu kwa wepesi huo. "Mama yuko edani, siwezi."

"Njoo hapa," mama alisema. "Unaogopa nini?"

"Watu watasema."

"Watu walisema nilipoolewa, wakasema nilipozaa mmoja nikakoma. Nakuuliza wewe."

Nasma akatazama sakafu. "Baba alitoka hapa kwenda dukani, hakurudi. Mimi nikipotelea huko kwenye matreni, wewe una nani?"

Chini mtaani kipaza sauti cha duka la viatu kilinadi bei. Mama alikisubiri kinyamaze.

"Hilo sasa ni neno. Lakini eda hii ni yangu, namkalia mume wangu. Usiifanye pazia la kujifichia. Ukiogopa, sema unaogopa, ubaki. Ukienda, nenda. Usije kusema mama alikuzuia."

"Wifi! Unampa ruhusa?"

"Ana miaka thelathini. Ruhusa ya nini?"

Simu ikaita. Violeth.

"Mambo, Nasma? Nakata sasa hivi. Ijumaa au Jumapili?"

Nasma alimgeukia mama, lakini mama alikuwa ameshika tasbihi yake, hakumpa hata jicho.

"Jumapili."

"Sikusikii!"

"Jumapili, Violeth!"

Shangazi akasonya msonyo mrefu. Nasma akakaa ukingoni mwa kitanda, akafungua ratiba, akamwonyesha mama.

"Hapa, Visp. Hapa ndipo treni itaniacha."

"Ikikuacha, nyingine haiji?"

Wiki nzima hakuwahi kutazama kama iko nyingine. Akaanza kushusha kurasa, na mama akasogeza kichwa ili naye aone.