Kuikanda Gari

Mimi ndiye niliyetoa mafuta. Nalisema mapema, maana mume wangu Ame mpaka leo akisimulia habari hii humlaumu fundi Borafya kwa kuyatia garini, na mie huendelea kumenya muhogo.

Mwaka ule wa sabini tulikuwa tunakaa Kizimbani, juu mlimani, na Ame alikuwa na pikapu kuukuu ambayo breki zake zilivutwa kwa fito za chuma. Fito zenyewe zishachoka. Siku moja gari ilimshinda mteremkoni, ikaja kutulia kwenye shamba la muhogo la watu. Binti yetu Tabia alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mkunga kishasema mtoto kakaa vibaya, lazima akazaliwe hospitali, mjini. Nikamwambia Ame, "Mwanangu hapandi gari hii mpaka uitie breki za maana."

Basi Borafya akaja. Aling'oa fito zote, akafunga breki za mafuta alizozitoa kwenye gari iliyokufa, zile zinazosukumwa na mafuta yanayopita kwenye bomba jembamba mpaka magurudumuni. Siku tatu alilala chini ya pikapu ile, maua ya karafuu yanamdondokea miguuni. Ikabaki kutia mafuta yake tu, na mafuta hayo mji mzima hayapatikani. Miaka ile ukiuliza kitu dukani, muuzaji hutikisa kichwa kabla hujamaliza.

"Kwani mafuta si mafuta?" nikasema. Nikaingia ndani nikatoka na chupa tatu za mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe.

Borafya alijikuna kichwa. "Bi Sichana, haya sijapata kuyatia."

"Basi leo utayatia."

Ulimi wangu huo. Mchana ule jua lilikuwa kali, na breki zikashika vizuri ajabu. Ame alipanda na kushuka mlima, gari inasimama taratibu kama mtu anayekaa kwenye godoro. Nilicheka sana, nikajiona fundi.

Wiki ya pili yake Tabia akashikwa na uchungu, alfajiri, kipupwe kishaingia. Ukungu ulikuwa umelala baina ya mikarafuu na kila sauti imekuwa ya mbali, hata Tabia akigumia nilimsikia kama yuko nyumba ya pili. Nikachukua chupa ya mafuta yale yale ya nazi nimpake mgongo. Nikaiinamisha kwenye kiganja, hakikutoka kitu. Mafuta yameganda, meupe, kama yanavyoganda kila kipupwe tangu nizaliwe.

Hapo nikayakumbuka yale yaliyomo kwenye breki. Nje Ame kishawasha gari. Nikatoka mbio, miguu mitupu, nikaipindua chupa mbele ya kioo chake. Alikanyaga breki, akanitazama.

"Ngumu kama jiwe," akasema.

"Nimemuua mwanangu."

"Bado," akasema Ame. "Maji ya moto yapo?"

Yalikuwapo, sufuria zima, na majani ya mdalasini ndani yake. Niliyateleka ya kumkanda Tabia akishajifungua, maana kwetu mzazi hukandwa siku arubaini. Nikachovya vitambaa, nikaingia chini ya gari kwa tumbo. Nikalikanda lile bomba jembamba kidogo kidogo, kutoka miguuni pa Ame mpaka kila gurudumu, nachovya, nakamua, nabandika, vile vile nilivyokandwa na mama yangu. Mvuke ukachanganyika na ukungu hata mkono wangu siuoni. Mdalasini, grisi, nazi, vyote vikinukia pamoja. Nililia humo chini na hapana aliyeniona.

Nikamsikia Ame juu, sauti yake ya upole. "Inalainika. Kanda, Mama Tabia. Kanda."

Tulishuka kwa gia ya kwanza, kichwa cha Tabia mapajani mwangu na sufuria miguuni. Ame akikanyaga, gari inatii. Jua likatukuta njiani, likamalizia kazi yangu. Mtoto alizaliwa adhuhuri, mwanamke, mzima.

Siku arubaini nilimkanda Tabia kwa vitambaa vile vile, maana nguo nazo zilikuwa hazipatikani. Nilivifua mpaka vikachakaa. Siku moja, macho kayafumba, akaniambia, "Mama, kitambaa hichi kinanuka gari."

Nilitaka kumwambia yote. Nikachovya, nikakamua, nikambandika mgongoni, na ulimi wangu mrefu wote ule ukasema tu, "Geuka, mwanangu."