Mtu wa Ishirini na Nane

Kikapu cha nyanya kilisimama wima kwenye ukingo wa tope, na hakuna hata moja iliyodondoka. Nyuma yake, pale palipokuwa na ukumbi wa shirika letu la kanisani, mlima ulikuwa umeporomoka na kuketi.

Mvua ya Bukavu ilikuwa imekatika. Waliotoka hai walikaa kando ya barabara, wamepakwa udongo hadi kwenye nyusi. Tuliwahesabu mara tatu: ishirini na saba.

Patrice, aliyeongoza wachimbaji, alifungua madaftari mawili ya mahudhurio ambayo katibu wetu Françoise alitoka nayo kifuani. "Kwaya kumi na tisa, kamati ya sikukuu kumi na wanne. Thelathini na tatu. Sita wako chini!"

"Majina matano yamo katika madaftari yote mawili," nikasema. "Umewahesabu mara mbili hao. Ukiwatoa, ni ishirini na nane. Chini yuko mmoja."

Hesabu hiyo niliisoma shule ya jioni nikiwa na miaka hamsini na minne, mikono ikinuka saruji. Hata mbele ya msiba iliniinua kidevu.

"Basi huyo mmoja ni nani, Papa Évariste?"

Françoise akasoma majina. Kila jina likaitikiwa. Majina ishirini na nane, vinywa ishirini na saba. Maman Eulalie akafanya ishara ya msalaba, na hakuna aliyethubutu kumtazama aliyeketi ubavuni mwake.

"Soma tena," nikasema. "Anayeitika asimame."

Lilipoitwa jina la Yolande, msichana mmoja alisimama. Lilipoitwa la Zagabe, aliitika yeye yule, bado amesimama.

"Yote mawili ni wewe?"

"Ni miye, Papa. Kwaya wananiandika jina la ubatizo. Kamati wananiandika lile babu alinipa."

Kumbe waliokuwa katika makundi yote mawili ni sita. Thelathini na tatu ukitoa sita, ishirini na saba. Patrice akatupa jembe, akaangua kicheko. "Papa, hesabu yako ilitaka tuchimbue muzimu!" Watu wakaanza kukumbatiana.

Chini ya tope kitu kikagonga. Mara tatu, polepole.

"Ni maji," akasema Patrice, kicheko kimemkauka. "Hapana mutu huko. Hesabu imeisha."

Hesabu ilikuwa yangu. Ndipo nikakumbuka swali ambalo mwalimu wetu hakukosa kuliweka mwisho wa kila zoezi, nami nililiruka kila mara nikiliona la kitoto: ni wangapi wasiomo katika kundi lolote?

"Nyanya zile ni za nani?" nikauliza.

Wote ishirini na saba walikitazama kikapu. Hakuna aliyeitika.

Niliokota jembe la Patrice; mpini bado ulikuwa na joto la mikono yake. Nilipoliinua, kule chini kugonga kukakoma, kama mtu anayengoja jina lake lisomwe.