Delmar Aziba Chini ya Nyumba

Nyumba ya Delmar kule Georgia, iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, ilinuka uvundo wa unyevu, na sakafu ilianza kubonyea. Mkewe, Ernestine, akataka aitwe fundi. Delmar akacheka, akaingia uvunguni mwenyewe kwa tumbo, akatandaza nailoni ardhini na kuziba kila tundu la hewa. Kanisani alijigamba hadi mchungaji akachoka.

Unyevu ukazidi. Ernestine akamulika tochi uvunguni, akaona bomba la mashine ya kukaushia nguo likimwaga mvuke humo humo.

“Mume wangu, unyevu umeufungia ndani, ukautandikia na kitanda!”

“Kosa lako. Unafua mno.”

“Haya, bwana mkubwa. Kuanzia leo zako fua mwenyewe.”

Delmar alishikilia ubishi mpaka soksi safi zikamwishia, ndipo akampigia fundi simu, kwa kunong'ona.