Tangi la Kona ya Dirishani

Fundi cherehani alikuwa na ugomvi na mumewe juu ya kona. Nyumba nzima ilikuwa na kona moja tu yenye mwanga wa kutunga uzi kwenye sindano bila kukodoa macho, ile ya dirishani, na mumewe alipostaafu aliweka hapo tangi la samaki. Cherehani ikasukumiwa koridoni, na mama wa watu akawa anashona sare za shule gizani kama mwizi.

Ndani ya tangi waliishi samaki wembamba wenye sharubu, ambao mume aliwaita "wazee wangu". Kazi ya wazee hao ilikuwa kufukua. Mume akipanda mmea mchangani leo, kesho anaukuta unaelea, mizizi nje. Akaanza kuifunga mimea kwenye mawe kwa uzi wa mkewe, bila kuomba, na taa akaiacha ikiwaka kutwa nzima eti mimea inapenda mwanga. Aliyeupenda zaidi ni mwani. Ulitanda kwenye kioo, ukayafunika mawe, mwisho samaki wakawa wanaonekana kwa kukisia.

Mke alipochoka alimwita wifi yake, dada mkubwa wa mume, nesi mwenye ulimi usiopendelea mtu hata nduguye.

"Wifi, ukirudi mwisho wa mwezi ukakuta maji ya kijani, tangi linatoka."

"Na akikuta meupe?" mume akauliza.

"Sitaitaja tena hiyo kona maisha yangu yote."

"Nimewasikia," wifi akasema. "Na mjue mimi sihongeki."

Mke alidhani ameshamaliza kazi. Lakini mume akaanza kusugua kioo na kubadilisha maji kwa bidii ambayo ofisini kwake hawakuwahi kuiona, na maji yakaanza kupata nafuu. Hapo mke akaingiwa na ibilisi. Nyuma ya ghala la mbao kulikuwa na kidimbwi kilichofunikwa na magugu madogo yanayoelea, maji hayaonekani kabisa. Akayajaza kwenye mfuko wake wa vipande vya nguo, akayasuuza bombani asije akawadhuru wale wenye sharubu, na mume alipokuwa anakoroma usingizi wa mchana, akayamwaga tangini. Alitaka wifi akute kinamasi.

Mume aliamka, akatazama, akakuna kidevu. "Ajabu," akasema, basi. Mke akarudi koridoni akicheka ndani ya kiganja. Mchana mwingine akaongeza.

Magugu yakakubali kuliko alivyotaka. Yakatia kivuli chini ya taa, yakala kila kilichokuwa kinaushibisha mwani, na kwa kuwa mizizi yake ilining'inia majini, hapakuwa na cha kufukua. Mwani ukapauka, ukabanduka. Maji yakawa meupe. Wale samaki waliokuwa wanashinda wamejificha wakatoka mchana kweupe, mmoja akilala ubavu kama mlevi aliyeridhika na dunia. Mke akajikuta ameacha sare katikati, tepu ya kupimia shingoni, anawatazama. Alijichukia kwa hilo, na bado akatazama.

Wifi alirudi, akavaa miwani, akainama.

"Haya ni ya kunywa kabisa. Umefanyaje?"

Mume akatunisha kifua. "Utaalamu, dada. Nilichunguza, nikafikiri, nikapanda mwenyewe."

Mke alikuwa anamimina chai. Kukosa kona angeweza kuvumilia, ila hilo la kupanda mwenyewe lilimzidi. Alijua akifungua mdomo atajiumbua. Akaufungua.

"Mwongo. Nimeyapanda mimi."

"Ulikuwa unamsaidia?"

"Nilikuwa namharibia, wifi."

Wifi alicheka mpaka akavua miwani. Mume wala hakushtuka. Alitoa mfukoni kipande cha uzi wa bluu.

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Sijaona gugu linaloota na uzi wa sare. Mimi nilikuwa nayapunguza tu, nangoja useme mwenyewe." Akaegemea kwenye kiti chake kikubwa, mbele ya televisheni. "Dada, shuhudia. Maji meupe, nimeshinda. Lakini mimi si mchoyo. Kama yeye ndiye mpandaji, tangi ni lake kuanzia leo. Kusugua, kulisha, kubadilisha maji, yote yake. Mimi napumzika."

"Umesikia, wifi?"

"Neno kwa neno. Tangi ni lako."

Mke akaweka birika chini taratibu. "Basi lete ndoo tupunguze maji. Tangi langu nalitaka pale alipokaa."

Mume akafungua mdomo.

"Kona sijaitaja," mke akasema. "Wifi ni shahidi."

Jioni ile cherehani ililia dirishani, na samaki walikuwa wanafukua mbele ya televisheni. Kiti kikubwa kilikuwa koridoni, na mwenyewe amekikalia, anakodoa macho gizani kutafuta miwani yake ya kusomea.