Vyungu Viwili vya Mulukhia

Shedli alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, na maradhi ya makarani ni kuamini kwamba kila balaa lina fomu yake. Aliposikia sensa imefika mtaani kwao, Bab el-Khadra, akaja na mpango.

"Tutakuwa kaya mbili," akamwambia Monji asubuhi. "Wewe mpangaji, mimi mpangaji. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, ndivyo wanavyohesabu."

"Na kitanda kimoja wanakihesabuje?"

"Hicho kina miaka mitatu jela. Nenda kaazime chungu."

Monji, mpika keki mstaafu mwenye kitambi cha heshima, alicheka lakini akaenda. Miaka ishirini na miwili waliishi pamoja kwa uongo, tena uongo usio na mpangilio. Kwa Lalla Duja, mwenye nyumba wao anayekaa chini, walikuwa mabinamu. Kwa mfamasia wa kona walikuwa mashemeji, ingawa huyo dada aliyewaunganisha hajaonwa na mtu hata siku moja. Kwa muuza mkate walikuwa kitu kingine, Monji alishasahau nini. Lalla Duja akatoa chungu, akamtazama kwa huruma, asiulize neno. Hilo nalo lilikuwa ajabu, maana yule mama huuliza mpaka rangi ya soksi.

Alasiri karani wa sensa akagonga. Monji alipofungua, akamtambua mara moja. Ni Rafika, mwalimu wa hesabu, binti wa mfamasia.

"Hamjambo, ami zangu. Mkuu wa kaya nani?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

"Ni kaya mbili, binti yangu," Shedli akadakia. "Kila mtu na chungu chake."

Rafika akaingia jikoni, kwa kuwa hata majiko yanahesabiwa. Akafunua chungu cha kwanza: mulukhia, ule mchuzi mzito wa unga wa majani, mweusi tii. Akafunua cha pili: mulukhia.

"Mulukhia hukaa motoni saa sita," akasema. "Yaani kila mmoja wenu kaamka alfajiri, kakoroga yake, bega kwa bega?"

"Tumenuniana," akasema Monji.

Rafika hakubishana. Akashika kishikwambi chake, akawa anasoma huku akijaza. "Kaya ya kwanza. Shedli, miaka sitini na nne. Hajaoa. Watu katika kaya, mmoja. Anaishi peke yake."

Monji alidhani maneno hayo yatapita tu. Yakamchoma. Peke yake? Mwaka jana Shedli alipopasuliwa moyo, nani alimlisha supu kwa kijiko siku kumi na moja, akiwaambia wauguzi yeye ni shemeji? Na huyo aishiye peke yake, kila usiku anamkoromea nani sikioni? Akaona uchungu, kisha akaona hasira, na hasira ikawahi kutoka.

"Futa."

"Monji," Shedli akanong'ona, uso umempauka.

"Futa, mwanangu. Chungu ni kimoja. Mulukhia nimepika mimi, huyu hata yai linamshinda. Kama ni jela, nitapikia huko huko."

Shedli akashika kiti. Rafika akafuta.

"Kaya moja. Sasa, uhusiano na mkuu wa kaya. Kwa baba yangu ni mashemeji. Kwa Lalla Duja ni mabinamu. Kwa muuza mkate mlikuwa jeshini pamoja, na Ami Shedli hata kupanda ngazi anahema. Humu kuna mke, mtoto, mzazi, ndugu, mtumishi na asiye ndugu. Nijaze lipi?"

Monji akafungua kinywa, lakini Shedli akamtangulia. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mkuu ni yeye. Mimi andika asiye ndugu. Ila usinitoe kwenye chungu chake."

"Kaya moja, watu wawili," Rafika akasoma, akabonyeza. "Na msihofu, ami zangu. Kishikwambi hakina mahali pa umbeya."

Akachovya kipande cha mkate kwenye mulukhia, akasema chumvi imepungua, akaenda zake nyumba ya pili. Shedli akaketi akalia kidogo, kisha akalaumu kitunguu, na kitunguu chenyewe hakikuwepo.

Monji akamimina chungu cha kuazima ndani ya kile cha kwao, akakiosha, akakirudisha chini. Lalla Duja akafungua mlango, macho mekundu.

"Mmepatana?"

"Nani, Lalla?"

"Watu wamekula pamoja miaka ishirini na miwili, leo mmoja anakuja kuazima chungu apike mbali. Ningejua nini mie? Tangu asubuhi nalia, nilidhani mmeachana."