Asali Yenye Moshi

Chupa ilikuwa imevunjika vizuri mno. Asmahani aliikuza picha mpaka vipande vya kioo vikajaa skrini ya simu, akavitazama kimoja kimoja kama alivyokuwa akisahihisha mitihani enzi za ualimu wake wa kemia. Sakafu ilikuwa kavu. Chupa ya asali haipasuki ikaacha sakafu kavu; asali hutambaa, hushika vumbi, huita sisimizi. Tena mfuniko ule ulikuwa wa njano, na yeye tangu Januari alikuwa anafunga mifuniko myeusi.

"Anataka arudishiwe zote?" aliuliza Mwanne, binamu yake, aliyekuwa mezani akibandika lebo.

"Zote. Na gharama ya basi juu yake."

"Soda hajaitaja?"

Asmahani aliandika: *Mfuniko huo si wangu. Naomba picha ya namba ya chupa.* Wakasubiri. Mteja yule hakuandika tena, si siku hiyo wala siku nyingine.

Biashara yake ilikuwa ndogo, nayo ilinyooka kama mstari wa rula. Katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya Kitete, mjini Tabora, alipokea madumu ya asali ya porini, akaichuja, akaipima kiasi cha maji, akaitia kwenye chupa. Wateja walimpata kwa simu, mizigo ikaenda kwa basi mpaka Dodoma, Mwanza na Dar es Salaam. Wauzaji wa asali mtandaoni walikuwa wengi kama nyuki wenyewe. Chake yeye kilikuwa kitu kimoja: kila chupa iliandikwa jina la mtu aliyepanda mti akairina asali ile. Watu walinunua jina lile. Bibi mmoja wa Morogoro aliwahi kumwandikia kwamba kila asubuhi humsalimia Mzee Revocatus wa Urambo kabla ya kuweka asali kwenye uji.

Kwa waliodai kurudishiwa fedha alikuwa na masharti matatu. Kwanza picha, pili chupa irudi, na tatu fedha zirudi kwenye namba ileile iliyolipa. Wajanja wengi waliishia kwenye la kwanza. Wachache walifika la tatu, na hapo ndipo walipomkumbuka shemeji ambaye fedha ziende kwake.

Kisha, wiki ya pili ya Julai, ukaja ujumbe kutoka Bukene. Mnunuzi aliitwa Hilari.

*Dada, asali hii si ya Revocatus. Nirudishie fedha zangu.*

Aliomba picha kama kawaida.

*Picha itakuonyesha nini? Asali ina moshi. Revocatus harini asali yenye moshi.*

Asmahani alifungua chupa ya dumu lilelile, akapima. Maji yalikuwa kiwango chake. Akaonja. Moshi ulikuwepo, kwa mbali, kama unavyokuwepo kwenye asali nyingi za porini, maana warina asali hufukuza nyuki kwa mienge ya moto. Akamwandikia hivyo, na tarakimu za kipimo juu yake. Akamtaka airudishe chupa.

*Chupa sirudishi. Wewe ulimwona akirina? Kwa macho yako? Alipanda lini? Alirina upande wa mto au upande wa kilima?*

Mwanne aliyasoma maswali hayo kwa sauti, akaiweka simu chini. "Huyu hana shida na moshi, mwenzangu. Huyu anatafuta njia ya kwenda kwa mzee wako. Mara ya mwisho nani alimwendea Marko mwenye mizinga, akachukua asali yake yote? Si yule aliyejifanya mteja?"

"Ndiye."

"Basi huyu mdogo wake."

Hoja ilikuwa nzuri, na Asmahani hakuiona kasoro. Mteja wa kweli huuliza habari za fedha zake. Huyu aliuliza habari za miti. Akamjibu kwamba taarifa za wazalishaji hazitolewi. Jibu likaja baada ya saa nzima.

*Sawa. Jumamosi nitauliza mbele ya wateja wako wote kama jina hilo ni la kweli. Kabla ya hapo, nenda ukamwone.*

Asmahani alisimama dirishani muda mrefu. Hakuogopa kelele za mtandaoni; alikwisha kuzizoea. Kilichomkera ni kwamba swali lilikuwa la haki. Hakuwa amemwona Revocatus tangu mwaka jana. Dumu lilikuja kwa basi, limeandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, naye akalinakili jina lile kwenye chupa arobaini na moja. Kipimo chake kilipima maji. Hakikupima mkono wa mtu. Na kama jina moja kwenye chupa ni la uongo, majina yote yaliyobaki yana thamani gani?

Alhamisi asubuhi alipanda basi la Urambo akiwa na chupa moja mkobani. Nia yake ilikuwa nyepesi: kumpiga picha mzee chini ya mzinga wake na kufunga mjadala.

Alimkuta uani, kwenye kiti cha kamba, mguu mmoja ameunyoosha juu ya gogo, magongo mawili yameegemezwa ukutani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu! Leo mjini kumeishiwa watu?"

"Wamebaki wachache. Baba, mguu umefanya nini?"

"Mguu hauna kosa. Mti ndio ulionichoka. Ukaniweka chini mwezi wa nne, tena bila adabu." Alicheka, akagusa nyonga. "Daktari anasema mfupa umeshika. Kupanda, ndiyo basi."

Mwezi wa nne. Dumu lilifika Kitete tarehe tisa Juni. Asmahani hakuhitaji karatasi kufanya hesabu hiyo.

Apolinaria, mke wa mzee, alimwita jikoni aje kumsaidia kuinjika chungu ambacho hakikuhitaji watu wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, na alisema akiwa ameyaelekea mafiga.

"Nilinunua kwa Majidi, jirani yetu. Ni asali, mwalimu. Si sukari. Niliionja mwenyewe kabla ya kulipa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeandika Majidi."

"Ndiyo. Ningeandika Majidi."

"Haya." Apolinaria alisukuma kuni ndani. "Ile chupa unayotutumia kila msimu, ya kutuonyesha, anaiweka dirishani. Mwaka huu alivyoanguka alikuwa halali usingizi, hali chakula, ananiangalia tu. Siku chupa ilipokuja akasoma jina lake. Akasema, kumbe bado wananitaka. Anadhani ni asali yake ya mwaka jana haijaisha. Siku hiyo alikula ugali wote." Akageuka. "Kama kuna fedha za kurudisha, zikate kwangu. Ila yeye usimwambie."

Kwa kawaida Asmahani alikuwa na jibu kwa mtu aliyemdanganya, tena jibu lililopangwa kwa namba. Alimwangalia mwanamke yule mwenye majivu kwenye kope. Kisha akachukua kata, akaongeza maji kwenye chungu.

Waliporudi uani, mzee alikuwa ameiona chupa ikichungulia mkobani.

"Hiyo ya kwangu? Lete nionje. Ya dirishani mama huyu kanikataza kuifungua, utadhani ya kanisani."

Hapakuwa na namna ya kumnyima. Asmahani aliifungua. Revocatus alichovya kidole, akaweka ulimini, akafumba macho. Hakukawia.

"Majidi," alisema.

Kuku alipita katikati yao.

"Majidi ana haraka. Mwenge wake mkubwa kama anachoma shamba, moshi unaingia mpaka ndani ya sega. Mimi nawasha ganda la mti, kidogo, nangoja. Nyuki naye ni mwenye nyumba. Unabisha hodi, unampa nafasi ya kusogea." Alifumbua macho, akamtazama mkewe, ambaye alikuwa anatazama chini. "Mama Benja."

"Abee."

"Kumbe miezi yote hii umekuwa ukinibeba mgongoni."

"Si mzito," alisema Apolinaria.

Mzee alitikisa kichwa polepole, akashindwa kuamua kama anacheka. Kisha akamgeukia mgeni. "Lakini wewe hukuja kutoka Tabora kunisalimia. Nani kakwambia ina moshi?"

"Mteja mmoja."

"Mtu wa mjini hawezi kujua hilo. Kwa mtu wa mjini kila kitamu ni asali. Huyo amelelewa kwa asali yangu."

"Nani waliolelewa kwa asali yako, baba?"

Revocatus aliufunga mfuniko wa chupa, akaukaza kuliko ulivyohitaji. "Binti yangu yuko Mpanda, huyo hata kwenye chai anaogopa sukari. Na mwingine alikuwepo. Alilima tumbaku. Mwaka mmoja mvua ikawa nzuri, tumbaku ikajaa, kuni za kukaushia zikamwishia. Akaingia porini akakata miti yangu mitatu ya mitundu, mizinga ikiwa juu, nyuki wakiwa ndani. Nilimwambia asiguse tena kitu kilicho changu." Akamrudishia Asmahani chupa. "Miaka kumi na mmoja sasa. Hajagusa. Mtoto msikivu."

Asmahani aliomba udhuru, akaenda kukaa kwenye kivuli cha ghala. Jua lilikuwa limesimama utosini. Alifungua ukurasa wake wa biashara, akaandika bila kufuta neno:

*Chupa namba 212 mpaka 252 zina jina la Revocatus. Asali iliyomo ilirinwa na Majidi. Ni asali safi, lakini jina si lake. Kosa ni langu: niliandika jina bila kumwona mtu. Anayetaka fedha zake atarudishiwa, bila picha na bila masharti.*

Akatuma. Jambo lililomchukua miaka mitano kulijenga alilitoboa mwenyewe kwa sentensi tano. Wa kwanza kujibu alikuwa bibi wa Morogoro: *Basi nimsalimie nani?* Wa pili alitaka fedha zake. Wa tatu pia.

Ndipo akamwandikia Hilari: *Ulisema kweli. Samahani. Nakurudishia sasa hivi.*

*Usitume kwenye namba hii. Simu hii ni ya rafiki yangu. Tuma hapa,* naye akaandika namba nyingine.

Lile lilikuwa sharti la tatu, sharti ambalo hakuwahi kulilegeza kwa mtu yeyote. Alifanya alichokuwa akiwafanyia wajanja wote wanaofika hapo: aliingiza namba kwenye simu ili aone jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha.

BENJAMINI REVOCATUS KAPELA.

Alilisoma jina lile mara mbili. Ng'ambo ya ua, Apolinaria alikuwa anamrekebishia mumewe gogo chini ya mguu, naye mzee analalamika kwamba anamvuta kama mzigo wa tumbaku. Asmahani alipandisha mazungumzo mpaka kwenye maswali ya mwanzo. *Ulimwona? Kwa macho yako? Alipanda lini?* Yaleyale maswali, herufi zilezile, na yeye, mwalimu, aliyasoma yote akayakosea. Na mtu aliyejificha muda wote huo nyuma ya simu ya mwenzake hatoi namba yake kwa bahati mbaya.

Hakubonyeza kuthibitisha. Alirudi kwenye mazungumzo, akaandika mambo anayoyajua tu, kwa mpangilio: *Nimemwona kwa macho yangu. Alianguka Aprili, nyonga. Mfupa umeshika. Anatembea kwa magongo mpaka mlangoni. Anakula. Leo ameonja chupa kama yako, akamtaja aliyeirina papo hapo.*

Alama mbili zikageuka bluu.

Akasimama, akamwendea mzee. "Baba, mteja huyu anataka asali yako wewe. Nimwambie nini?"

Revocatus alifikiri kama mtu aliyeulizwa bei. "Mwambie ipo. Mizinga minne, upande wa kilima, imejaa tangu Mei mpaka inadondoka. Mwambie iko juu, na wa kuifikia hayupo. Majidi sitaki aiguse na moto wake."

"Nimwandikie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Ukipunguza neno nitajua."

Aliandika hivyohivyo, na la moto wa Majidi akaliweka. Simu ikaonyesha kwamba upande wa pili mtu anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena. Ikaacha tena, muda mrefu safari hii, mpaka akadhani mtandao umekatika. Apolinaria alikuwa ameanza kupeta mchele, ungo unapanda na kushuka. Simu ikatetemeka.

*Kamba ya kupandia bado ipo?*

Asmahani hakumtazama mzee. Aliinama karibu na ungo, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, kamba ya kupandia mti bado ipo?"

Ungo ulisimama. "Nani anauliza?"

Katika miaka yake yote ya kuuza hakuwahi kumtajia mtu jina la mteja.

"Mtu wa Bukene," alisema.

Apolinaria alimtazama machoni, kwanza moja, kisha la pili, kama anayesoma mistari miwili. Aliweka ungo chini, mchele haujaisha, akaingia ndani. Walisikia vitu vikisogezwa, beseni likianguka, yeye akikohoa vumbi. Alitoka na kamba ndefu ya magome, nyeusi kwa kushikwa, akaketi mkekani karibu na kiti cha mumewe, akaanza kuipitisha mikononi, pima kwa pima, akiivuta kila penye fundo.

"Unaitafutia nini hiyo?" aliuliza Revocatus.

"Naangalia kama imeoza."

Mzee aliitazama kamba ikikatiza mapajani mwa mkewe. Kisha, bila kuuliza la pili, akainyoosha mikono yake, akaushika ule upande mwingine.