Kodi ya Kesho

Kifungo changu cha arobaini na moja nilikishona kwenye sketi yangu mwenyewe. Sikujua mpaka niliposimama kunyoosha mgongo, na shati jeupe la mwanafunzi likasimama nami, limening'inia pajani. Mjomba alinitazama juu ya miwani yake. Mama Kipimo hakunitazama kabisa. Alinyoosha mkono akachukua mkasi, akakata uzi, akanirudishia sindano.

"Anza tena," akasema. "Na ushonee mezani. Paja si meza."

Ilikuwa tarehe thelathini, saa nne asubuhi, na ndege ilikuwa iondoke kesho yake saa tisa mchana. Mashati yalikuwa sitini, ya shule iliyokuwa karibu kufunguliwa, kila shati vifungo sita. Yasipokwisha, Mama Kipimo hasafiri. Na asiposafiri, mkosaji ni mimi.

Ngoja nieleze nilivyofika hapo, maana mimi si fundi na sijawahi kuwa. Mimi nauza tiketi za ndege. Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini, katika ofisi ya mjomba wangu, chumba kimoja chenye meza mbili, kompyuta moja, na ramani ya dunia iliyobanduka upande wa bahari. Juu yetu, ghorofa ya kwanza, ndipo alipokuwa na karakana yake Mama Kipimo, fundi cherehani. Jina hilo alipewa kwa sababu ukipita tu mlangoni kwake ameshajua kiuno chako, na kama umenenepa atakuambia hata kama hukuuliza. Cherehani yake ikinguruma, taa yetu ilitetemeka. Tulijua siku zake za kazi nyingi kwa kuangalia dari.

Na mimi nilikuwa na jina langu. Wateja waliniita Bi Muhuri. Mtu akimaliza kulipa, nilichukua bahasha ya tiketi, nikaandika juu yake kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, IMELIPWA YOTE, kisha nikaigonga muhuri mara mbili, moja ya ofisi na moja ya raha yangu. Hakuna aliyenituma. Nilipenda tu kuona uso wa mtu aliyemaliza kulipia safari.

Uso wa Mama Kipimo siku alipomaliza kulipa nilikuwa nimeusubiri tangu nianze kazi, maana yeye alijibana miaka mitatu. Mwanawe wa pekee alikuwa ameolewa nchi ya mbali, ana mimba ya kwanza, na huko hakuwa na mtu ila mume ambaye, kwa maneno ya Mama Kipimo, hata maji ya kuoga mtoto angeyachemsha yakaungua. Alikuwa aondoke tarehe tatu ya mwezi ambao binti angejifungua, na daktari alikuwa ametaja katikati yake. Aliishika bahasha, akaisoma polepole.

"Yote yote?" akaniuliza.

"Yote, mama. Bado kupanda tu."

"Haya. Maneno yako nitayashika."

Wiki tano baadaye, tarehe ishirini na tisa asubuhi, ikaingia barua pepe kutoka shirika la ndege. Kuanzia tarehe mosi kulikuwa na kodi mpya, na kila abiria atakayeruka kuanzia siku hiyo ailipe, hata yule aliyekwisha kukata tiketi na kumaliza. Kiasi chenyewe kilikaribia theluthi ya nauli. Niliisoma mara tatu nikidhani nimeisoma vibaya. Mjomba akaisoma mara moja, akavua miwani, akasema, "Wapigie."

Nikawapigia, wateja arobaini na tatu. Wengine walicheka wakidhani natania. Mfanyabiashara mmoja wa matairi aliniuliza kama akishaniuzia tairi, halafu bei ikapanda, anirudie kwangu na jeki alivue. Nilimwambia ana haki. Niliwaambia wote wana haki, mpaka neno lenyewe likanichosha mdomo.

Mama Kipimo sikumpigia. Mtu aliye juu ya kichwa chako humpigii simu. Nilipanda ngazi na miguu mizito. Nilipokwisha kumweleza, akaondoa mguu kwenye kanyagio, cherehani ikanyamaza. Akaitoa bahasha chini ya kopo la nyuzi.

"Haya maandishi ya nani?"

"Yangu, mama."

"Mimi nikikutajia bei ya gauni, ukanilipa, halafu kitambaa kikapanda, nakuja kukugongea mlango uongeze?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulishasema bei."

"Basi hao wenye ndege hawakulelewa," akasema, na kwa sekunde moja nikadhani mambo yameisha kwa kicheko. Halafu nikaona mikono yake. Ilikuwa inaikunja ile bahasha na kuikunjua, na yeye ni mtu ambaye mikono yake haifanyi kitu bure. Nyongeza ile hakuwa nayo. Nikamwambia nitaitoa kwenye mshahara wangu. Akakataa hata kabla sijamaliza. Alisema hawezi kwenda kupokea mjukuu akiwa amemwacha mtoto wa mwenzake na njaa. Niliona aibu ambayo sijaiona tena. Si kwamba nilikuwa nimedanganya. Nilikuwa nimeahidi kitu ambacho hakikuwa changu, tena kwa wino mwekundu.

Nikateremka, nikaisoma ile barua mara ya nne. Na safari hii nikaona mstari niliouruka: abiria angeweza kubadili tarehe bila malipo. Kodi ilifuata siku ya kuruka. Anayeruka tarehe thelathini na moja hadaiwi kitu. Nikafungua kompyuta, nikakuta ndege ya siku hiyo ina kiti kimoja, cha mwisho kabisa, karibu na choo. Nikakikamata kwa jina la Mama Kipimo kabla ya kupumua, kisha nikapanda zile ngazi mbili mbili.

Hakufurahi. Alinionyesha rundo la mashati lililofika kiunoni mwake.

"Haya nimeahidi kuyakabidhi tarehe mbili. Nimeshona, nimetoboa matundu, vimebaki vifungo. Unataka nami niwe kama wao, niseme bei halafu nibadili?"

Nikakaa chini, nikavuta kopo la vifungo.

Kesho yake Mjomba akafunga ofisi. Hilo peke yake lilikuwa la kuandikwa, kwa sababu Mjomba hafungi ofisi hata akiumwa, tena ni mtu ambaye hanyanyui kikombe chake cha chai kukipeleka jikoni. Alipanda kimya, akavuta kiti karibu na dirisha, akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu, na akaanza kushona vifungo kama mtu anayepanda mahindi. Sote tukamtazama.

"Niliishi peke yangu miaka tisa kabla ya kuoa," akasema. "Mlidhani nilikuwa natembea kifua wazi?"

Siku hiyo ndiyo niliyojishonea shati pajani. Siku hiyo pia nilishona kifungo kikapita mbele hadi mgongoni, shati likafungika kama mfuko wa sukari, na Mama Kipimo akauliza kama huyo mwanafunzi aliyekusudiwa alikuwa na mwili au ni bango. Tulikuwa tunacheka sana. Lakini kila mara alipodhani hatumwoni aliitazama saa ya ukutani, na nami nilijua anamwona mwanawe, peke yake, anajaribu kukumbuka yale ambayo mama hufundisha kwa kuwepo tu.

Shati la mwisho tulilikunja saa tano na nusu ya siku ya safari. Mjomba akabaki kuyapeleka shuleni. Mimi nikampeleka Mama Kipimo uwanja wa ndege, naye alikuwa bado na utepe wa kupimia shingoni; alisahau kuuvua, nami sikumkumbusha kwa kuogopa tutarudi.

Kijana wa kaunta akachukua tiketi, akaitazama kompyuta yake, akakunja uso. "Mama, hapa inaonyesha kuna nyongeza ya kodi."

Nikaanza kueleza, maneno yakagongana. Mama Kipimo akaniwekea mkono begani, akamtazama yule kijana kuanzia ukosi mpaka mkanda.

"Leo tarehe ngapi, mwanangu?"

"Thelathini na moja, mama."

"Basi kodi ya kesho mdai mtu wa kesho. Halafu hilo shati limekubana kwapani, aliyekukatia alikuwa na haraka."

Watu wa nyuma kwenye foleni wakacheka. Kijana akacheka pia, akajipapasa kwapa, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akabonyeza vitu viwili vitatu, nyongeza ikatoweka. Mama Kipimo akapita. Hakugeuka kunipungia, alikuwa anahesabu vyumba vya kusubiri, asije akakosea mlango.

Mtoto alizaliwa alfajiri ya tarehe mbili, wiki mbili kabla ya siku aliyotaja daktari. Ile ndege yake ya tarehe tatu ingemkuta ameshaoga, ameshanyonya, ameshapewa jina. Sisemi kodi ile ilikuwa ya heri. Kodi ni kodi. Nasema tu kwamba mikono ya kwanza kumpokea baada ya wakunga ilikuwa ya bibi yake, na kwamba bibi huyo, kwa ukorofi wake, alimwita Kodi, na jina likamganda.

Mimi niliacha kuandika IMELIPWA YOTE. Miaka ishirini na miwili niliandika IMELIPWA HADI LEO, na wateja wakaniona nimekuwa mtu mzima.

Mwezi uliopita aliingia ofisini binti mrefu, mwenye macho ya kupima watu. Alikuwa amekuja likizo kwa bibi yake, na sasa alitaka tiketi mbili za kurudi, kwa sababu bibi alikuwa aende naye kumwona akihitimu chuo. Nilimtajia bei, akalipa.

"Bibi kasema nikuulize mara mbili," akasema. "Yote yote?"

Nikafungua droo, nikatafuta kalamu nyekundu, nikaijaribu kwenye gazeti mpaka ikakubali. Nikaandika kwa herufi kubwa, nikagonga muhuri mara mbili.

"Mpelekee. Mwambie wakiongeza kitu, kushona vifungo najua."

Kodi akapanda ngazi. Juu ya dari cherehani ikanyamaza, na taa yetu ikatulia. Nikasikia kicheko cha mzee, kirefu, kikikatwa na kikohozi. Halafu yule binti akateremka, akachungulia mlangoni.

"Bibi anasema sawa. Ila safari hii uje umevaa suruali."